Ndovu Baharini: Majina ya Meli Zetu za Doria

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nimeombwa nizungumzie Doria, meli ya walinzi wetu wa pwani ya Kenya. Nitaanza na jina lake, maana huku kwetu chombo hakishushwi majini bila jina.

Jeshi la Wanamaji liliundwa tarehe 12 Desemba 1964. Mwaka 1966 zikaja boti tatu za doria kutoka kwa Vosper, waunda meli wa Uingereza, kila moja mita 31: Simba, Chui na Ndovu. Naam, ndovu baharini! Mwaka 1974 akafuata Mamba. Huyo angalau maji anayajua, ingawa ni ya mto. Mwaka uliofuata wanyama wakaisha, siasa ikapanda chomboni: Madaraka, Jamhuri, Harambee. Miaka ya 1980 ikaleta Nyayo na Umoja, za makombora, na wazee hapa hawahitaji kuambiwa kuwa "Nyayo" ilikuwa kaulimbiu ya Rais Moi. Uhispania ikatuundia Shujaa na Shupavu, 1997, kisha Jasiri, iliyoagizwa 2003 ikafika 2012. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa mkataba alikuwa keshajua kusoma jina la meli ubavuni.

Hizo zote ziliundiwa jeshi. Doria iliundwa Bangladesh, mita 54, ikanunuliwa kwa kazi ya uvuvi. Tarehe 19 Novemba 2018, pale Liwatoni, Mombasa, Rais Uhuru Kenyatta akazindua Huduma ya Walinzi wa Pwani, na meli ikawa yao. Safari hii hakuna mnyama wala kaulimbiu. Jina ni kazi yenyewe.

Kazi gani? Wavuvi wetu wengi wa ngalawa hawaendi mbali na miamba. Jodari wako nje huko, katika ukanda wetu unaofika maili za bahari 200, na meli za kigeni zinawafuata. Kumkagua mgeni, unateremsha mashua ya mpira, unasogea ubavuni mwake, unadaka ngazi ya kamba. Mashua inapanda, meli inashuka. Ukikosea pumzi moja, mguu umebanwa. Ukifika juu unaomba leseni na kitabu cha nahodha, unapima matundu ya nyavu, halafu unashuka ngamani, ghala la chini la meli, kwenye baridi, unalinganisha samaki na maandishi. Hapo ndipo nahodha huanza ghafla kutoelewa lugha yoyote. Na upepo wa kusi ukichachamaa, hiyo ngazi hata huioni vizuri kwa povu.

Haya, maswali. Wewe wa kofia, nimekuona tangu kwa Ndovu.