Bibi kapika kwa kuni miaka yote, mbona hajapata saratani?

Wazee wangu shikamooni, mama zangu wa Mikindani na nyie mliotoka Mtwara mjini asanteni kwa kuja, na vijana wa bodaboda naona mmejazana huko nyuma, sogeeni bwana viti vipo. Nimepewa nusu saa tu afu ukumbi una shughuli nyingine, kwahiyo kuna sehemu nitapita mbiombio na kuna sehemu moja nitakaa sana, mnivumilie.

Naanza na swali ambalo kila nikienda kuongea habari za moshi lazima mtu aniulize, yaani mkono unanyooshwa hata sijafika popote: bibi yangu kapika kwa kuni toka binti mpaka kazeeka, saratani hana, sasa nyie wataalamu mnatutisha nini? Mi swali hili silidharau hata kidogo. Ila jibu lake haliko jikoni, liko ndani ya seli, na huko ndo tunaenda.

Kwanza tukubaliane moshi una nini. Kitu chochote chenye kaboni kikiungua vibaya, hewa haitoshi, iwe kuni mbichi, dizeli kwenye injini iliyochoka, sigara, maganda ya korosho, kinatoa masizi, na kwenye masizi kuna ukoo wa kemikali ambazo wanakemia wanaziita PAH, na anayejulikana kuliko wote kwenye ukoo huo anaitwa benzopaireni. Mnajua mtu akibangua korosho kienyeji, bati juu ya moto, zile korosho zinaanza kutoa mafuta, mafuta yanadaka moto, unapanda ule moshi mweusi mzito mpaka anageuza uso huku mkono unaendelea kukoroga na mti? Humo imo. Salfa tunayopuliza kwenye mikorosho hiyo ni kesi nyingine, inawasha macho na kubana kifua lakini sio ninayoiongelea leo, msichanganye.

Haya mambo hayakujulikana kwa siku moja. Mwaka 1775 daktari wa upasuaji wa London, Percivall Pott, aliandika kwamba wafagiaji wa mabomba ya moshi ya majumbani wanapata saratani ya mfuko wa korodani, samahanini mama zangu, na akasema chanzo ni masizi. Ikapita miaka 140, mwaka 1915 Wajapani wawili, Yamagiwa na Ichikawa, wakawa wanapaka lami ya makaa ya mawe kwenye masikio ya sungura, wanapaka tena na tena kwa miezi, mpaka saratani ikatokea kweli. Afu London tena, watu wakachukua tani mbili za lami wakawa wanaichuja na kuitenganisha, kila hatua wanafuata lile fungu linalong'aa kwa namna yake kwenye mwanga maalumu, na mwaka 1933 wakatangaza wamempata mhusika, vichembe vya njano. Benzopaireni. Tani mbili jamani!

Sasa hapa ndo nakaa.

Benzopaireni ukiivuta, yenyewe kama yenyewe haina ugomvi na DNA, ule mwongozo wa seli ulioandikwa kwa herufi nne za kemikali, yaani haishikani nayo. Tatizo lake haiyeyuki kwenye maji, na mwili unachotaka ni kuitoa, na ili itoke na mkojo au choo lazima iyeyuke, kwahiyo vimeng'enya vyetu vinaanza kuifanyia kazi, vinaibandika oksijeni hapa, vinaibandika pale, nia njema kabisa, na katikati ya hiyo safari inapatikana kemikali moja kali ajabu ambayo ikikutana na DNA inang'ang'ania kwenye herufi G, gwanini, haibanduki. Yaani ile sumu ya mwisho haikuwepo kwenye moshi, tumeitengeneza wenyewe ndani wakati tunajisafisha. Mi mpaka leo nikifundisha hili somo nasisimka.

Ikishanasa pale ni kama jojo kwenye meno ya zipu. Seli ikitaka kugawanyika lazima inakili DNA yote, ikifika penye jojo inakwama au inabahatisha, na mara nyingi kwa hii kemikali panapotakiwa kusomeka G panaishia kuwa T. Kosa la herufi moja. Ila likitokea kwenye jeni ya p53, ambayo kazi yake ni kuizuia seli iliyoharibika isizaliane, hapo breki zimekatika. Mwaka 1996 watafiti wa California na Texas walichukua ile kemikali kali wakaiweka kwenye seli za binadamu za njia ya hewa wakaangalia inanasa wapi kwenye p53, ikanasa zaidi sehemu tatu, namba 157, 248 na 273, na hizo hizo ndo zinakutwa zimeharibika sana kwenye uvimbe wa saratani ya mapafu ya wavuta sigara.

Haya turudi kwa bibi. Bibi alinasa majojo mengi tu, tena kila siku, lakini seli zina mafundi wanaopita kukagua, wakikuta palipovimba wanakata kipande chenye herufi kama 30 wanakitupa na kujaza upya. Aziz Sancar, mzaliwa wa Uturuki, alipata Nobeli ya kemia mwaka 2015 pamoja na wenzake wawili kwa kazi ya namna hii. Yanayowaponyoka mafundi mengi yanaangukia sehemu zisizo na madhara, na saratani haitaki kosa moja, inataka makosa kadhaa kwenye seli ile ile. Kwahiyo ni bahati nasibu, na kila pumzi ya moshi ni tiketi. Bibi alikuwa na tiketi nyingi ila hakuitwa. Na tena jiko la bibi lilikuwa nje, makuti juu, pembeni wazi, sio wewe unayebana jiko la mkaa koridoni kwenye nyumba ya kupanga. Afu niwaambie ukweli, wale mabibi ambao moshi uliwamaliza hatuwaoni kwenye mifano, walisema kifua, walisema karogwa, wakazikwa.

Kule Xuanwei, China, wanawake wasiovuta sigara walikuwa wanakufa sana kwa saratani ya mapafu kwa ajili ya makaa ya mawe ndani ya nyumba. Walipowekewa majiko yenye bomba la kutolea moshi nje, baada ya miaka mingi ugonjwa kwao ulipungua karibu nusu. Bomba tu!

Nisiwadanganye lakini. IARC, lile shirika la utafiti wa saratani lililoko Lyon, liliweka moshi wa dizeli kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kuleta saratani, mwaka 2012, hewa chafu ya nje mwaka 2013, na makaa ya mawe ya ndani yako huko huko, ila moshi wa kuni wa majumbani uko ngazi moja chini, ushahidi wake haujakamilika kiasi hicho. Na mwaka 2023 timu ya taasisi ya Francis Crick, London, ilionyesha kwamba vumbi dogo la hewani saa nyingine haliharibu DNA upya, linaleta mchochota, yaani mapafu kuvimba kwa kusumbuliwa, na kuamsha seli ambazo tayari zilikuwa na kosa lake zimelala. Kwahiyo hadithi ya jojo ni ya kweli ila sio yote.

Mtauliza mbona tusipikie gesi. Najua. Ya kwetu inatoka Msimbati hapo, inasafishwa Madimba, inashika bomba kwenda Dar, afu mtungi unaonunua dukani ni wa gesi iliyokuja na meli. Hilo tukalijadili nje.

Kwa leo, mkaa uwashie nje mpaka uwe mwekundu kabisa ndo uanze kupika, na usiwashie nailoni wala ndala iliyochakaa, plastiki nyingine zikiungua zinatoa sumu inayoitwa daioksini na hiyo ni balaa jingine. Bodaboda, msipaki nyuma ya lori linalounguruma. Na nyie wabanguaji, msimu wenu unaangukia kaskazi, upepo unatoka upande wa baharini, kwahiyo moto uwekeni upande wa bara na nyie mkae upande wa bahari, mti wa kukorogea uwe mrefu, na mtoto wa mgongoni abaki kwa shangazi yake.