Ushauri Usiojibiwa Huliua Baraza

Mhadhara kwa wajumbe wapya wa mabaraza ya wazazi na watumishi wa shule Katoliki, Moshi

Tumsifu Yesu Kristo!

Baba Paroko, masista, walimu, wazazi, nanyi wapishi, matroni na walinzi mliochaguliwa na wenzenu, karibuni.

Ukitaka kujua kama baraza la shule liko hai, omba faili la kumbukumbu za vikao, kisha fungua sehemu ya "Yatokanayo". Ukikuta suala la matundu ya vyoo limeandikwa Februari, likarudi Mei, likarudi tena Agosti kwa maneno yale yale, "uongozi unaendelea kulifanyia kazi", basi baraza hilo limeshakufa, hata kama wajumbe wote walihudhuria na soda zikatosha. Watu huja mara ya kwanza kwa moyo, mara ya pili kwa heshima. Mara ya tatu wanatuma udhuru.

Kwa hiyo jambo kubwa nitakalolishikilia leo ni hili: kila ushauri wa baraza upate jibu la maandishi, kutoka kwa mtu anayejulikana, kwa tarehe inayojulikana. Mengine yote ninayoyasema yanalitegemea hilo.

Kanisa halikuliweka baraza hili kwa hisani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, unawatambua wazazi kuwa ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 796, inawataka wazazi na walimu washirikiane kwa karibu, walimu wawasikilize wazazi kwa moyo mweupe, na vyama au mikutano ya wazazi ianzishwe na kuthaminiwa. Mzazi anayeuliza swali kwenye kikao anatimiza wajibu wake. Tusimwite mkorofi.

Hata hivyo, baraza linashauri, haliamuru. Hapo ndipo wengi huteleza. Sheria ya Elimu ya 1978 inazungumzia kamati za shule za msingi na bodi za shule za sekondari. Hizo zina nafasi yake. Kanuni ya 803 nayo inasema shule ni Katoliki kwa kuwa inaongozwa na mamlaka ya Kanisa, au imetambuliwa na mamlaka hiyo kwa maandishi. Baraza haliwezi kupiga kura ya kufuta vipindi vya dini au kumwondoa mwalimu mkuu. Linaweza kusema, kwa hoja na takwimu, kwamba vipindi vya dini vinafundishwa ovyo, au kwamba walimu watatu wa hisabati wameondoka ndani ya mwaka mmoja, na kuuliza kwa nini.

Nani ajibu? Chunguzeni kwanza shule yenu ni ya nani: ya jimbo, ya parokia, au ya shirika la watawa. Masuala ya masomo, ratiba na nidhamu ya kila siku anajibu mwalimu mkuu. Ada, majengo na ajira anajibu meneja pamoja na bodi au kamati. Jambo linalogusa ukatoliki wa shule linapanda kwa mmiliki, na askofu ana haki ya kuzitembelea na kuzisimamia hata shule za watawa zilizo jimboni mwake. Hiyo ni kanuni ya 806. Ushauri ukipelekwa mlango usio wake unakaa hapo miezi, na hakuna anayejiona ana kosa.

Sasa tuunde baraza lenyewe. Chukueni shule ya msingi yenye madarasa saba, mkondo mmoja. Kila darasa lichague wazazi wawili, baba mmoja na mama mmoja: hao ni 14. Watumishi watano: walimu watatu, na wawili wasio walimu. Mwalimu mkuu na mwakilishi wa mmiliki wanaingia kwa nyadhifa zao. Jumla 21. Akidi ni 11, na katika hao 11 wawepo angalau watumishi wawili. Vinginevyo mtakaa wazazi watupu mkijadili jiko ambalo hakuna kati yenu aliyewahi kuliona. Mwenyekiti awe mzazi. Katibu asiwe mwalimu mkuu. Najua kwenye kamati nyingi za shule ndiye katibu, lakini katika baraza hoja nyingi zinaelekezwa kwake, na si haki kumpa kalamu ya kuandika maswali aliyoulizwa yeye mwenyewe.

Msichague kwa kuangalia benchi la mbele kanisani peke yake. Darasani mwenu wamo watoto wa Kilutheri, hasa kwa sisi tuliopakana na Machame, na wamo watoto wa Kiislamu. Wazazi wao wanalipa ada ile ile na wana haki ya kugombea. Ujumbe uwe wa miaka mitatu, na ukome mtoto wa mjumbe anapomaliza au kuhama shule.

Watumishi wanahitaji pia kikao chao wenyewe, wiki moja kabla ya baraza. Malalamiko ya mishahara, likizo na mikataba yaishie huko na kwa mwajiri, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mwalimu akisimama mbele ya wazazi kudai malimbikizo yake, wazazi hawana uwezo wa kumlipa, na kesho mtoto wao atamtazama mwalimu huyo kwa jicho jingine. Vivyo hivyo mzazi asimtaje mwalimu kwa jina mbele ya kikao. Aseme, "Madaftari ya Darasa la Tano hayajasahihishwa tangu Machi," na alete daftari.

Nataka tukae kidogo kwenye chakula cha mchana, maana hapo ndipo baraza zuri na baya hutofautiana. Shule ina wanafunzi 420. Uongozi unataka kupandisha mchango. Baraza baya linauliza, "Kwa nini mnapandisha?" na kujibiwa, "Maisha yamepanda." Baraza zuri linafika na hesabu. Kila mtoto gramu 200 za unga na gramu 70 za maharage: kwa siku ni kilo 84 za unga na kilo 29.4 za maharage. Mwaka wa masomo una siku 194, hivyo muhula ni kama siku 97. Unga kilo 8,148. Maharage kilo 2,852 hivi. Ukila sembe, na tuchukue kwamba gunia la mahindi la kilo 100 linarudi kilo 80 baada ya kukobolewa, unahitaji magunia 102. Ukisaga dona, unahitaji 81 na nusu hivi. Tofauti ya karibu magunia 20 kwa muhula mmoja, bila kumpunguzia mtoto hata kijiko.

Sasa mpishi, ambaye ni mjumbe, ananyanyua mkono. Anasema maharage yaliyonunuliwa ni ya zamani, yamekaa ghalani hadi yamekuwa magumu. Yanakula kuni mara mbili, na ndiyo sababu watoto wanakula saa nane badala ya saa saba. Hakuna mzazi ambaye angelijua hilo. Baraza linashauri mambo mawili: dona, na mahindi yanunuliwe Julai na Agosti baada ya mavuno, kwa bei tatu za maandishi kutoka kwa wafanyabiashara wa Mbuyuni na Kiborloni.

Tazameni jibu linavyotakiwa kuwa. "Ununuzi wa Julai: ndiyo, mhasibu ataleta bei tatu kabla ya tarehe 10. Dona: siku tatu kwa wiki, si tano, kwa sababu unga wa dona huchacha haraka kuliko sembe na stoo yetu haina rafu za kuuinua kutoka sakafuni. Rafu zikijengwa, tutaongeza." Baraza halikupata kila lililotaka, lakini limejua sababu, na kikao kijacho linaweza kuuliza habari za rafu. "Hapana" yenye sababu inalijenga baraza kuliko "ndiyo" isiyo na tarehe.

Ndiyo maana kumbukumbu zenu ziwe na jedwali la safu nne mwishoni: ushauri, anayepaswa kujibu, tarehe ya mwisho, jibu. Katibu apeleke nakala ndani ya siku saba. Jibu lirudi ndani ya siku 21, na libandikwe kwenye ubao wa matangazo ili hata mzazi asiye mjumbe alisome. Taarifa ya kikao itoke siku 14 kabla, na ajenda zisizidi tano. Saa mbili zinatosha. Zikizidi, mara nyingi ni kwa sababu taarifa haikusomwa nyumbani. Vikao vinne kwa mwaka vinafaa: Februari, Mei, Agosti, Oktoba. Cha Oktoba msikiruke, kwa kuwa ushauri juu ya ada baada ya ada kutangazwa hauna kazi. Aprili muiepuke: masika yakikolea, mzazi wa Uru au Kibosho juu atafikia kwenye tope kabla ya kufika kwenu.

Baraza lisishike fedha. Mchango ukikubaliwa, uingie akaunti ya shule, stakabadhi itolewe, na mapato na matumizi yasomwe kila kikao. Fedha ikitumwa kwenye namba ya simu ya mtunza hazina huanza kwa nia njema, halafu simu inapotea, au mtu anafiwa na kusafiri, na hakuna anayejua nani alilipa.

Majina ya wanaodaiwa ada yasipelekwe kwenye kundi la WhatsApp. Hiyo ni aibu kwa mtoto, na tangu 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Tuhuma ya mtoto kupigwa vibaya au kuguswa isivyostahili haiwi ajenda kabisa. Haingojei kikao, haijadiliwi, haisuluhishwi na wazee. Inapelekwa siku hiyo hiyo Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na kwa afisa ustawi wa jamii. Namba 116 ipo kwa ajili ya mtoto, na inapigwa bure. Mjumbe atakayesema "tulimalize kifamilia" mzuieni hapo hapo.

Mwisho ni wazazi wa bweni, ambao wako Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma. Wengi wanafika Moshi Desemba kwa Krismasi, wakati shule imeshafungwa, wanakuta geti na mlinzi. Wapangieni kikao siku ya kuwachukua watoto, mapema Desemba, saa nne asubuhi, kabla mabegi hayajapandishwa kwenye magari. Jedwali la majibu ya mwaka mzima liwe limebandikwa getini, mahali wanaposaini kumchukua mtoto.