Kwa nini sijachukua uraia wa Ujerumani

Haya ndugu zangu, karibuni. Leo najibu lile swali ambalo kila nikiweka video lazima liwepo: "Dada, miaka yote hiyo Ujerumani, mbona bado unatembea na pasi ya Tanzania?" Najua nikijibu kuna watakaosema naringia uzalendo, na wengine watasema nalalamika, nirudi nyumbani. Semeni, ila nisikilizeni kwanza.

Ujerumani yenyewe haina neno. Tangu tarehe 27 Juni 2024 sheria yao inaruhusu uraia zaidi ya mmoja. Ada ni yuro 255 kwa mtu mzima, na baada ya miaka 5 ya kuishi kihalali unaweza kuomba. Kikwazo kiko kwetu. Sheria ya Uraia ya 1995 inasema mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, wa Tanzania unakoma. Na ukikoma, Ibara ya 17 ya Katiba, inayompa raia haki ya kutoka na kuingia nchini, hainihusu tena. Naenda kumzika mzazi wangu kwa viza! Hilo mimi linaniuma, siwezi kuwaficha.

Mtaniambia kuna Hadhi Maalum, ile ya wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje. Ndiyo, Bunge lilipitisha mwaka 2025, na upande wa ardhi imesaidia kweli, maana wengi wetu hofu yetu ilikuwa viwanja. Lakini haikupi kura.

"Kura yenyewe hupigi!" Ni kweli, sipigi. Tanzania haijaweka vituo huku nje, kwa hiyo anayetaka kupiga kura akate tikiti ya ndege. Wakenya walio hapa Ujerumani walimpigia kura rais wao mwaka 2022 hapahapa. Sisi je? Nakatwa kodi hapa kila mwezi, na siruhusiwi kuchagua hata diwani wa mtaa ninaokaa, kwa sababu si raia wao wala wa Umoja wa Ulaya. Nyumbani natuma hela za ada, za hospitali, za msiba, halafu siku ya uchaguzi nasoma matokeo kwenye simu. Haki ya kupiga kura, ile ya Ibara ya 5 ya Katiba, ninayo, pa kuitumia sina.

Halafu makaratasi. Kibali changu ni cha kudumu, lakini pasi ikiisha na kadi ya ukaazi nayo inabadilishwa, unalipa tena. Kuna ofisi moja ilinikalisha na barua ya muda hadi mwajiri akaanza kuniuliza maswali. Sikulala vizuri kipindi kile.

Mimi si mwanasheria, na simwambii mtu achukue au aache. Mwenye kazi ya kusafirisafiri hesabu yake si yangu. Wanaoniuliza kuhusu mwanangu: amezaliwa hapa, ana uraia wa nchi zote mbili kwa sasa, ila akifikisha miaka 18 sheria ya kwetu itamtaka achague. Mbunge wako ukimwona, muulize kuhusu hilo.