Namna ya Kuifunga Pikipiki Kwenye Pikapu Ili Isianguke Njiani

Karibu, ndugu mtazamaji. Pikipiki unayoiona hapa ni Boxer ya cc 150, na kesho alfajiri itapakiwa kwenye pikapu ya kabini moja kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, safari ya takriban kilomita 500 yenye matuta ya Mikumi na kona za Mlima Kitonga. Leo nitakuonyesha namna ya kuifunga ili ifike ikiwa imesimama.

Kabla hatujagusa mkanda wowote, naomba uitazame stendi hii ya pembeni, kwa maana ndiyo inayowaponza wengi. Wapakiaji wetu wamezoea kuisimamisha pikipiki kwa stendi, kuizungushia kamba ya manila, kisha kuondoka. Gari likiwa limeegeshwa, kila kitu huonekana kimekaza. Lakini gari linaporuka tuta, uzito wa pikipiki hudidimiza shokapu, pikipiki inashuka, na kamba ambayo haina mvutano wa ziada hulegea kwa nukta hiyo hiyo. Stendi nayo hunyanyuka au hukunjika, na pikipiki haina tena kinachoishikilia. Mimi niliwahi kupokea pikipiki yangu ikiwa imelala ubavu namna hiyo, mkono wa klachi umevunjika, tangi limebonyea, na petroli imelowanisha magunia ya mchele ya abiria mwenzangu. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kwamba njiani stendi hukunjwa, na pikipiki husimama kwa mikanda peke yake.

Andaa mikanda minne ya kukaza yenye racheti (kibano cha chuma chenye mpini wa kukazia mkanda), vitambaa vizito au vipande vya tyubu kuukuu, na ubao imara wa inchi mbili kwa kumi wenye urefu usiopungua mita 2.5 wa kupandishia. Kamba ya manila iache kwa ajili ya kufunga ubao huo kwenye bodi, usije ukateleza wakati gurudumu likiwa katikati. Funga koki ya mafuta. Watu watatu wanatosha kupandisha: mmoja anashika usukani akitembea kando ya pikipiki wala si kuikalia, wawili wanasukuma kwa nyuma wakishika karia.

Ikishapanda, isogeze hadi gurudumu la mbele ligote kwenye ukuta wa bodi ulio nyuma ya kabini, ukiwa umetanguliza gunia lililokunjwa ili rangi isichubuke. Nyoosha usukani, kisha weka gia namba moja. Kuanzia sasa mwenzako asimame ubavuni akiishikilia, na asiiachie hata kidogo mpaka mikanda miwili ya mbele iwe imekaza.

Sasa sogea karibu na kamera uone mahali penyewe pa kufungia. Wengi hufunga kwenye ncha za usukani kwa sababu ndipo mkono unapofika kwa urahisi, lakini mkanda ukivutwa hapo usukani unaweza kuzunguka ndani ya vishikizo vyake au kupinda, na ukizunguka tu, mkanda umeshalegea. Tazama chini ya taa: kuna chuma kipana kinachoziunganisha shokapu mbili za mbele. Pitisha kitambaa kizito kuzunguka chuma hiki upande wa kushoto, ukifanye kitanzi, kisha ning'iniza ndoano ya mkanda kwenye kitanzi hicho. Rudia upande wa kulia. Hakikisha kwamba mkanda haubani waya wa klachi wala waya au bomba la breki, na kwamba haugusi ekzosi, ambayo bado ina moto ikiwa pikipiki imetoka kuendeshwa na inaweza kuyeyusha mkanda wa nailoni.

Ncha za chini zifungwe kwenye pete za sakafuni au kwenye nguzo za bodi, mbele kidogo ya chuma hicho na mbali na ubavu wa pikipiki, mkanda ukilala mshazari kwa pembe inayokaribia nyuzi 45. Mkanda ulioshuka wima hauzuii kuyumba, na ulionyooka karibu sambamba na sakafu haudidimizi shokapu.

Kaza kwa zamu: mibano mitatu kushoto, mitatu kulia, ili pikipiki isivutwe upande mmoja. Hapa nimeshika futi. Kabla ya kukaza, sehemu inayong'aa ya shokapu ilikuwa na sentimita 12. Sasa zimebaki 7, na hapo ndipo ninapoishia. Mvutano huu ndio siri ya kazi nzima: shokapu iliyokwisha kudidimizwa inasukuma juu muda wote, hivyo mkanda unabaki umenyooka hata gari likirukaruka. Usishawishike kuididimiza mpaka mwisho, kwa kuwa sili za mafuta huumia na shokapu inakosa nafasi ya kucheza kwenye mashimo.

Mikanda ya nyuma haina makuu. Ifunge kwenye fremu karibu na shokapu za nyuma, mmoja kila upande, uielekeze nyuma na pembeni, kisha ikaze kiasi cha kuzuia mkia usihame. Mikia ya mikanda yote ikunje na kuifunga fundo, maana upepo wa barabarani huipeperusha na mkanda unaweza kulegea.

Mwombe mwenzako aiachie, kisha shika karia na uitikise kwa nguvu. Gari lote linapaswa kutikisika pamoja na pikipiki. Pikipiki ikicheza peke yake, rudi kwenye mikanda ya mbele. Mpe dereva masharti mawili: asimame baada ya kilomita kama 15 ili mikanda ikaguliwe, kwa kuwa vitambaa hujibana na kuacha ulegevu, na asimame tena baada ya matuta ya Mikumi, kabla ya kuanza kuupanda Kitonga. Mzigo mwingine usiegemezwe kwenye pikipiki, hata kama utingo atakuapia kwamba ni mwepesi.

Wakati wa kushusha, ajali nyingi hutokea kwa sababu ya haraka. Ondoa kwanza mikanda ya nyuma. Mwenzako aishike pikipiki barabara, nawe ulegeze mikanda ya mbele kidogo kidogo kwa zamu, kwani ukiachia mmoja ghafla, shokapu huinuka kwa nguvu na mkanda uliobaki huivuta pikipiki upande wa pili. Baada ya hapo toa gia, rudisha ubao, na ishushwe kinyumenyume, mtu mmoja akiwa kwenye breki ya mbele. Ikifika chini, isimamishe kwenye stendi kubwa mahali tambarare, fungua koki, na uchungulie chini ya kabureta kama kuna tone la petroli kabla ya kupiga kiki.