Bebi shawa ya nyumbani kwa laki moja: kila pambo linaondoka na mama

Karibuni jamani. Leo tunaandaa bebi shawa ya watu 20, sebuleni, na mfuko wetu ni shilingi laki moja. Sharti ni moja, nalo ndilo linalookoa hela: pambo ambalo mama hawezi kwenda nalo kwake likamfaa, hatulinunui. Maputo, ukuta wa maua ya kukodi, viti vya kuvalishwa nguo, vyote hatuvitaki.

Kabla hujatoa hata shilingi, muulize mwenyewe. Kuna familia hazipendi kumwandalia mtoto vitu kabla hajazaliwa. Usibishane nao, shughuli isogezwe mpaka baada ya arobaini. Akikubali, panga mwezi wa saba au wa nane, maana ukifika wa tisa uchungu hauangalii ratiba ya kamati.

Kwenye mwaliko andika saa tisa alasiri. Ukiandika saa saba umeshajitwisha pilau! Saa tisa watu wameshakula makwao, wanategemea kitafunwa na kitu cha kunywa. Kwenye kundi la WhatsApp bandika orodha ya zawadi ndogondogo, kila mtu aweke jina lake: nepi za kitambaa, beseni la kuogea, chandarua, pamba, sabuni. Bila orodha mtaletewa mabeseni sita na nepi hamna. Kisha wageni wachangie doti moja ya kanga kwa kila wawili.

Sasa ukuta wetu. Tazama hapa, nimefunga kamba ya kuanikia nguo kutoka nondo ya dirisha hadi kwenye msumari wa pazia. Kanga zikifika mlangoni zinapokelewa na kuanikwa kwa vibanio, jina liwe chini lisomeke. Usizikate, usizitoboe kwa pini. Wageni wakishakaa, kila wawili wasimame, wasome jina la kanga yao na waseme kwa nini wamelichagua. Vicheko vinaanzia hapo, MC wa kulipwa wa nini? Ila waonye mapema: "Nani kama mama" inafaa, zile za kumpiga wifi kijembe zibaki dukani. Baadaye zifuliwe kwanza ili wanga utoke zilainike, ndipo afunikwe mtoto.

Pambo la mezani ni keki ya pampasi. Nawa mikono vizuri, maana hizi zitavaliwa. Chukua pakiti ya 40, na usinunue saizi ya kichanga kabisa, mtoto anaipita haraka. Panda saizi moja. Kunja pampasi kuanzia kwenye kiuno, izungushe ikaze, ibane na rababendi. Simamisha chupa ya mafuta ya mtoto katikati ya sinia, izungushie kama 20, funga utepe. Juu yake weka 12, na kileleni saba. Gundi isiguse hapa.

Keki ya kula tunaoka kwa mkaa. Piga siagi robo kilo na sukari kikombe kimoja mpaka iwe nyeupe, ongeza mayai manne, moja moja, kisha unga vikombe viwili, beking pauda vijiko vidogo viwili, iliki, na maziwa nusu kikombe. Paka sufuria siagi, nyunyiza unga, mimina. Siri yote iko kwenye moto: chini bakiza makaa machache yaliyoanza kuvaa majivu, mengi yaweke juu ya mfuniko. Ukifanya kinyume chake, chini itaungua na juu itabaki uji. Usifunue kabla ya nusu saa. Baada ya dakika 40 hivi chomeka kijiti. Kikitoka kikavu, epua.

Pembeni kaanga bagia za kunde, zinashibisha kuliko sambusa na hazidai nyama. Kinywaji ni ubuyu: loweka kwenye maji ya moto, koroga mpaka mbegu ziachie unga, chuja, tia sukari na iliki, upoe. Soda za kreti zingetula bajeti.

Mchezo mmoja unatosha. Pitisha uzi, kila mgeni akate kipande anachokisia kinazunguka tumbo la mama. Mwombe ruhusa kwanza, wengine hawapendi kushikwashikwa. Wa karibu zaidi anapewa kipande cha keki cha ziada.

Mkimaliza, shusha kanga, zikunje, zipange kwenye beseni pamoja na zawadi, keki ya pampasi ikae juu. Mama asiguse sufuria wala ufagio, vyombo tutaosha sisi. Na kwenye ile laki moja tenga mapema nauli ya bajaji ya kumrudisha, hayo mabeseni na hali yake si mambo ya bodaboda.