Benki Iliyovaa Maktaba

Mwenyekiti ameshaanza kuangalia saa, kwa hiyo somo letu la majengo ya benki naanzia palepale ninapoanzia kila mwaka: Corn Street, mjini Bristol, Uingereza. Mliokwisha kunisikia, nivumilieni.

Miaka ya 1850, West of England and South Wales District Bank ilijenga makao makuu pale. Wasanifu wake, Gingell na Lysaght, hawakuiga benki. Waliiga maktaba! Ile ya Mtakatifu Marko kule Venice, Italia, kazi ya msanifu Sansovino wa karne ya 16. Matao juu ya matao, na kila nafasi ikajazwa sanamu za John Thomas, mchongaji yuleyule wa Bunge la London. Tazameni vitoto vya mawe: hiki kinapokea fedha, kile kinalipa. Uchi wa mnyama, na ndio makarani!

Kuna atakayesema, "Mwalimu, hayo ni mapambo tu." Mapambo! Neno hilo limenichosha. Hebu wewe uwe muuza vitambaa wa zama zile. Bima ya amana, ya kukurudishia fedha benki ikishindwa, hakuna. Benki ikianguka, akiba yako iko mashakani. Daftari za hesabu huzioni, na ukiziona huambulii kitu. Utapima nini? Utapima ukuta. Utasema, waliomwaga mali yote hii kwenye mawe hawatatoroka usiku. Mtaa huohuo zipo meza nne za shaba ambazo wafanyabiashara wa zamani walilipania juu yake, peupe, kila mtu anaona. Benki ikaingiza fedha ndani, basi ukuta ukapewa kazi ya kusema.

Na ukuta ukadanganya. Oktoba 1878 City of Glasgow Bank ilianguka kule Uskoti. Wanahisa wake, ambao dhima yao haikuwa na kikomo, yaani walidaiwa madeni ya benki hadi mali zao wenyewe, wakafilisika kwa mamia. Desemba ikawa zamu ya Bristol. Benki ikafa, jengo likabaki limesimama na matao yake yote, na baadaye benki nyingine, Lloyds, wakahamia humohumo.

"Mbona benki za leo ni vioo?" Kioo nacho kinasema: tazama, hatufichi kitu. Hotuba ni ileile, kanzu ndiyo mpya.

Nilitaka kueleza mwanga wa kutoka paani, maana karani alihitaji kuiona sarafu vizuri. Na Melbourne, benki ya Kigothi, mtindo wa matao yaliyochongoka, ya msanifu William Wardell, ambako bosi, Sir George Verdon, aliishi ghorofani, juu ya fedha za wateja... Haya, mwenyekiti amesimama. Wardell atasubiri mwakani. Maswali?