Chanjo ya malaria: tulijuaje kama ni salama?

Ndugu wazazi, wahudumu wa afya na wanafunzi, habari za jioni. Waandaaji waliniomba nizungumzie usalama wa chanjo kwa ujumla. Nimewaomba radhi, nitashika moja tu, ya malaria, maana hii ilipimwa kwa watoto wa huku kwetu: Bagamoyo, Korogwe, Kilifi, Siaya. Na historia yake ina habari mbaya za kutosha, zilizoandikwa na watafiti wenyewe. Ndiyo sababu mimi naiamini.

Chanjo yenyewe, RTS,S, ilianza kutengenezwa mwaka 1987. WHO ikaja kuipendekeza Oktoba 2021. Miaka 34! Mtu atauliza, mbona ile ya korona ilipatikana ndani ya mwaka mmoja? Kirusi cha korona ni kitu kidogo mno. Kimelea cha malaria kina jeni zaidi ya 5,000, na hubadilika umbo kila kinapohama: kinachotoka kwa mbu si kile kinachokaa kwenye ini, na cha kwenye ini si kile cha kwenye damu. Watafiti waliamua kukizuia mapema, kabla hakijaingia kwenye ini. Wakachukua kipande cha protini inayokifunika, wakakiunganisha na protini ya kirusi cha homa ya ini B, wakaongeza dawa ya kuamsha kinga. Kimelea kizima hakimo kwenye ile chupa, kiwe hai au kimekufa.

Jaribio kubwa lilifanyika kuanzia 2009 hadi 2014: watoto 15,459, vituo 11, nchi saba za Afrika. Theluthi mbili walipewa chanjo ya malaria. Waliobaki, wale wenye umri wa miezi 5 hadi 17, walichomwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Najua mnacheka. Lakini mtoto aliyekubali kuchomwa sindano hakustahili kuchomwa maji matupu, na kichaa cha mbwa kwetu kipo. Sindano zilizibwa ili rangi ya dawa isionekane, na waliochoma hawakuwa wale waliokuja baadaye kuamua nani ameugua. Mzazi hakujua, na daktari aliyempima mtoto hakujua.

Kwa watoto wa miezi 5 hadi 17 waliopata dozi nne, malaria ilipungua kwa asilimia 36 katika miaka kama minne. Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Haina maana kwamba watoto 36 kati ya 100 hawakuugua kabisa. Maana yake, mara za kuugua zilipungua kwa kiasi hicho. Kwa kila watoto 1,000 waliochanjwa dozi nne, vipindi 1,774 vya malaria viliepushwa. Vipindi vimezidi watoto, kwa sababu mtoto wa sehemu zenye mbu wengi huugua, akapona, akaugua tena.

Sasa tuje kwenye lililowakosesha watu usingizi. Katika kundi hilo la miezi 5 hadi 17, watoto 22 walipata homa ya uti wa mgongo. Mmoja tu alikuwa wa chanjo ya kichaa cha mbwa. Waliobaki 21 walichanjwa malaria. Kweli, hawa walikuwa mara mbili ya wenzao, kwa hiyo mngetarajia kama 15 kwa 7. Lakini 21 kwa 1? Zilikuwapo sababu za kutilia shaka kwamba chanjo ndiyo iliyosababisha: vijidudu vilivyowaletea ugonjwa vilikuwa vya aina mbalimbali, wengine waliugua muda mrefu baada ya sindano, na kwa watoto wachanga waliopewa chanjo hiyohiyo tofauti hiyo haikuonekana. Palikuwa pia na dalili kwamba malaria ya kupanda kichwani ilikuwa nyingi zaidi kwa waliochanjwa, na kwamba wasichana waliochanjwa walikufa zaidi. Yote yalichapishwa.

Wadhibiti wa dawa wa Ulaya walitoa maoni mazuri mwaka 2015. WHO ikasema bado. Mwaka 2019 chanjo ikaanza kutolewa kwa majaribio kwenye kliniki za kawaida za Malawi, Ghana na Kenya, ambako ilizinduliwa Homa Bay. Maeneo yalichaguliwa kwa bahati nasibu: haya yaanze, yale yasubiri. Wako wanaolalamika kwamba subira hiyo iligharimu maisha ya watoto, na wana hoja. Hata hivyo mimi nisingeweza kumtazama mzazi usoni na ile 21 kwa 1 ikiwa haijajibiwa.

Ikajibiwa. Homa ya uti wa mgongo haikuongezeka, malaria ya kichwani haikuongezeka, wala wasichana hawakufa zaidi. Vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa, ukiondoa vya ajali, vilipungua kwa asilimia 13. Na hapo wamehesabiwa hata watoto wa maeneo hayo ambao hawakuchanjwa.

Habari mbaya ya pili inatoka Kilifi. Dkt. Ally Olotu na wenzake waliwafuatilia watoto 447 kwa miaka saba, nusu wakiwa wamepata dozi tatu za RTS,S. Mwaka 2016 wakatangaza kwamba kinga yote kwa muda huo ilikuwa asilimia 4.4 tu. Kwa watoto walioishi penye mbu wengi, mwaka wa tano waliochanjwa waliugua zaidi kuliko wenzao, yaelekea kwa kuwa miili yao ilichelewa kujijengea kinga ya asili. Dkt. Olotu huyohuyo ndiye baadaye aliyeongoza Bagamoyo jaribio la chanjo ya pili, R21, iliyopunguza malaria kwa asilimia 68 hadi 75 katika mwaka wa kwanza, na WHO ikaipendekeza Oktoba 2023.

Kwa hiyo wahudumu, dozi ya nne msiichukulie kama nyongeza ya hiari. Kenya ratiba ilikuwa miezi 6, 7, 9, kisha 24. Kati ya 9 na 24 mama ameshaacha kliniki, mtoto anakimbia, kadi haijulikani iko wapi. Huko ndiko tunakowapoteza. Na chandarua kiendelee kutumika, kwa sababu hata hao watoto wa jaribio wengi wao walilala ndani ya vyandarua, na hizo asilimia zilipatikana juu ya kazi ya chandarua.

Naona mama pale nyuma amenyoosha mkono tangu niliposema kichaa cha mbwa. Mpeni kipaza sauti.